Kompyuta Isiishie Kabatini: Mwongozo Kamili wa Kuwatoa Watumishi wa Kituo cha Afya kwenye Rejista Hadi Mfumo wa Kielektroniki

Nimepigiwa simu ileile mara nyingi mno, ndiyo maana nimeamua kuandika yote mahali pamoja. Inchaji, yaani mkuu wa kituo, anasema tableti zilikuja, mafunzo yakafanyika hotelini siku mbili, posho zikatolewa. Miezi mitatu imepita na tableti ziko kabatini kwake, na ufunguo anao yeye. Anamalizia hivi: "Watumishi wangu hawataki kompyuta."

Sijawahi kuikubali sentensi hiyo. Watumishi haohao wanatuma pesa kwa simu, wana makundi ya WhatsApp yasiyohesabika, na nesi wa zamu ya usiku anatazama mpira kwenye kioo kidogo kuliko kiganja chake. Wanachokataa ni kuandika jambo moja mara mbili kwa mshahara mmoja. Shika hilo, na hatua zifuatazo zitaeleweka zenyewe.

Mwongozo huu ni wa vituo vya afya vya ngazi ya pili na ya tatu (HC II na HC III) vya Uganda, vyenye watumishi wasiozidi ishirini hivi. Hospitali ina mambo yake, sitayagusa.

## Tayarisha haya kwanza

- Daftari moja la kurasa 96 na kalamu, la kuandikia malalamiko.
- Simu yenye saa ya kupimia muda.
- Ratiba ya zamu ya mwezi huu, pamoja na walio likizo na walio masomoni.
- Kompyuta ndogo moja ya kutunzia data, yaani seva, na ruta ya kuiunganisha na tableti. UgandaEMR, mfumo wa mafaili ya wagonjwa uliojengwa juu ya programu huria ya OpenMRS na ambao vituo vingi vinaujua kupitia kliniki za VVU, unaweza kuendeshwa kwenye seva iliyomo humohumo kituoni bila intaneti. Usikubali kuuziwa mfumo unaokufa bando linapoisha.
- Tableti mbili zenye kibodi. Mbili tu. Kumi zitakuja baadaye, zikiombwa.
- Betri, inveta na paneli ya sola.
- Miwani ya kusomea jozi tatu: +1.5, +2 na +2.5. Usicheke, utaona kwenye hatua ya 2.
- Makubaliano ya maandishi na ofisi ya afya ya wilaya kuhusu rejista zitakazoachwa na tarehe yake.

Kama hicho cha mwisho hakipo, unaweza kufanya hatua ya 1 na 2, lakini usiwashe mashine.

## Hatua ya 1: Hesabu jina linaandikwa mara ngapi

Kaa kituoni siku mbili bila kutamka neno kompyuta. Chagua wagonjwa kumi, mmoja baada ya mwingine, uwafuate kutoka getini hadi wanapotoka na dawa. Kila mahali jina linapoandikwa, piga alama kwenye daftari lako na uandike dakika.

Nilifanya hivyo kwenye kituo kimoja cha upande wa Kasese, karibu na mpaka wa Kongo. Mama mjamzito aliingia na daftari lake la shule, lile lenye picha ya mchezaji mpira juu ya jalada, ambalo kwa nchi yetu ndilo faili la mgonjwa. Jina lake liliandikwa humo, kwenye rejista ya wajawazito, kwenye kadi yake, kwenye fomu ya maabara, kwenye rejista ya maabara, kwenye kitabu cha dawa, na kwenye kitabu kingine cha foleni ambacho hakuna aliyejua kilianzishwa na nani. Mara saba. Mahali pengine aliandikwa Masika, pengine Massika. Tarakimu ya umri nayo ilibadilika njiani.

Sababu: utahitaji hesabu hii kwa watumishi na kwa wilaya. "Mnaandika jina mara saba" inasikika kuliko hotuba yoyote kuhusu teknolojia.

Onyo: waambie mapema kwamba unapima karatasi, hupimi mtu. Ukionekana kama mkaguzi, siku ya pili kila mtu ataandika kwa mwendo wa mtihani.

Umefaulu kama: una ukurasa mmoja wenye wagonjwa kumi, idadi ya mara jina lilipoandikwa na dakika zilizotumika kuandika.

## Hatua ya 2: Sikiliza mmoja mmoja, si kikaoni

Kwenye kikao, inchaji akiwa ameketi mbele, wote watasema "hakuna shida, tuko tayari", nawe utaondoka umeridhika bure. Zungumza na mmoja mmoja kwenye benchi la nje au wakati wa chai. Anza na mkubwa kwa umri, cheo kifuate. Usimruke askari wa geti wala msaidizi wa wauguzi; ndio wanaojua foleni inaanza saa ngapi na nani humwandikia nani.

Uliza mawili tu: kazi gani ya kuandika inakuchosha zaidi? Na mashine ikija, unaogopa nini?

Andika maneno yao kama yalivyotoka. Mara nyingi utasikia haya matano.

"Wagonjwa ni wengi." Ni kweli, usibishane. Mashine itawachelewesha wiki mbili tatu za mwanzo. Waambie hivyo waziwazi. Ukiwaahidi wepesi kuanzia siku ya kwanza, siku ya pili hawatakuamini hata ukisema jua limechomoza.

"Hiyo ni kazi ya watu wa data." Kompyuta ziliingia vituo vingi kwa mlango wa kliniki ya VVU, pamoja na karani aliyelipwa na mradi. Musawo, yaani mtoa huduma ya afya, akazoea kwamba yeye anatibu, mwingine anachapa. Mwaka 2025 fedha za Marekani zilipokatwa, makarani wengi walirudi nyumbani na mafaili yakabaki yanarundikana. Kwa hiyo anayesema hivyo anauliza swali la haki: nifanye kazi ya aliyeondolewa, na mshahara wake uko wapi? Usimjibu kwa uzalendo. Mwonyeshe kazi itakayotoka mikononi mwake, na hiyo ndiyo hatua ya 3.

"Mnataka kutuhesabu." Mashine inaandika saa na jina la aliyeingia. Anayefika saa nne asubuhi ataonekana. Kubaliana na inchaji kabla ya chochote kwamba kwa miezi sita ya kwanza kumbukumbu hizo hazitatumika kumwadhibu mtu kwa kuchelewa, na neno hilo litunzwe. Upande wa dawa ni tofauti. Dawa zilizotolewa kwenye mfumo zikilinganishwa na kadi ya stoo, pengo litaonekana, na wapo watakaopinga mashine kwa sababu hiyo tu. Hao si wa kubembelezwa kwa mafunzo. Ni kazi ya inchaji na kamati ya usimamizi ya kituo.

"Macho yangu." Hili halisemwi, unaliona. Kituo kimoja kilikuwa na mkunga mwenye zaidi ya miaka ishirini kazini, wote walimwita Mama. Alikuwa amekwepa mafunzo mara tatu, na nilikuwa nimeandikiwa kwamba ni mkaidi. Tulipokaa kunywa chai, ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Aliinyoosha mbali, mkono wote umenyooka, akakunja uso, ndipo akasoma. Alikuwa haoni herufi, na hakutaka kulisema mbele ya wasichana walioajiriwa juzi. Miwani ya +2 ya kununua sokoni ilimaliza ule ukaidi. Baada ya miaka arobaini macho ya karibu wote huanza kukataa herufi ndogo. Jaribu miwani kabla ya kuandika ripoti kuhusu tabia ya mtu.

"Na faili langu?" Hili husemwa kwa sauti ya chini, mwishoni, mkiwa mmeshasimama. Watumishi nao ni wagonjwa. Kuna anayechukua dawa zake kituo cha mbali ili wenzake wasijue. Anachowaza ni kwamba mashine itamfuata huko. Lichukue kwa uzito wote, tutalirudia hatua ya 7.

Umefaulu kama: daftari lako lina angalau malalamiko mawili yanayohusu mfumo wenyewe na moja linalokuhusu wewe. Kama hakuna aliyekulalamikia wewe, bado hawajakuamini.

## Hatua ya 3: Punguza kabla ya kuongeza

Vituo vingi huangukia hapa, kwa hiyo tulia nayo.

Tazama kituo siku za mwisho wa mwezi. Watu wawili wanawaacha wagonjwa, wanajifungia na rejista za OPD, yaani za wagonjwa wa nje, wanahesabu kwa vijiti vya kuchora kwa kalamu: malaria, kikohozi, kuhara, chini ya miaka mitano, juu ya miaka mitano, wa kike, wa kiume. Wanahesabu, hesabu inakataa, wanarudia. Ripoti ya 105, yaani ripoti ya kila mwezi ya kituo, inatakiwa wilayani kufikia tarehe 7. Nchi imetumia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya, tangu 2012, lakini kwenye vituo vingi hesabu inayoingizwa huko bado inatoka kwenye vijiti hivyo.

Basi anza na OPD, kwa sababu ndiyo inayolisha 105. Siku mtumishi atakapoona hesabu ya mwezi imetoka yenyewe, hutahitaji kumshawishi. Fred Davis, mtafiti wa Marekani, alipima jambo hili mwaka 1989 kwa programu za ofisini, akakuta kwamba watu huikubali programu kwa kuwa inawafaa kuliko kwa kuwa ni rahisi. Mkufunzi wa hotelini hufanya kinyume: siku mbili nzima anaonyesha jinsi ilivyo rahisi.

Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Futa kwanza vitabu ambavyo kituo kilijianzishia chenyewe, kama kile cha foleni. Hakuna mkubwa atakayekuuliza. Watumishi wataona kazi imepungua kabla mashine haijawashwa, na hilo litakujengea jina.
2. Kaa na mtakwimu wa wilaya pamoja na afisa afya wa wilaya. Kubalianeni rejista ipi itaandikwa sambamba na mashine, kwa wiki ngapi. Napendekeza wiki nne.
3. Andika tarehe ya mwisho ya kuandika mara mbili kwenye karatasi kubwa, ibandike ukutani chumba cha OPD.

Wilaya ikikataa kabisa kuacha rejista, omba ruhusa ya kuchapisha orodha ya kila siku, inchaji aisaini na kuifunga kwenye faili. Karatasi inabaki, mkono unapumzika.

Onyo: rejista ni zana za serikali. Usiache hata moja kwa uamuzi wako mwenyewe, la sivyo ukaguzi utakapofika, atakayelaumiwa ni nesi wa zamu, na mashine itachukiwa kwa miaka.

Umefaulu kama: tarehe iko ukutani na imesainiwa na mtu wa wilayani. "Kwa muda" si tarehe.

## Hatua ya 4: Umeme

Umeme ukikatika katikati ya foleni mara tatu, kila mtu atarudi kwenye kalamu. Usitegemee ahadi, piga hesabu.

Seva ndogo hula wati 20 hivi, ruta 10, tableti mbili 10 kila moja. Jumla 50. Kwa saa tisa za kazi ni wati-saa 450. Betri ya maji ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu utaiua mapema, kwa hiyo una 600 za kutumia. Zinatosha. Ukiweka kompyuta mpakato mbili badala ya tableti, matumizi yanaweza kufika wati 120, na betri hiyohiyo itaisha baada ya saa tano: saa nane mchana, foleni ingali ndefu.

Onyo: usichomeke kitu kwenye sola ya friji ya chanjo. Hata chaja ya simu.

Umefaulu kama: umezima swichi kuu saa tatu asubuhi, siku isiyo na mgonjwa mahututi, na mfumo umefika jioni.

## Hatua ya 5: Chagua mwanafunzi wa kwanza kwa heshima yake

Kosa la kawaida ni kumchukua kijana mwepesi wa kompyuta. Atajifunza kwa saa moja, na kuanzia hapo wote watamwachia. Siku akienda likizo mfumo umekwenda likizo.

Mchukue yule ambaye akisema neno chumba kinanyamaza. Kwa kile kituo alikuwa Mama mkunga na miwani yake mpya. Nilimfundisha yeye peke yake, mlango umefungwa, alasiri nne, dakika arobaini kila moja. Kijana akakaa pembeni kama msaidizi wake, na wote wawili walielewa nani ni nani. Mama alichapa kwa kidole kimoja. Baada ya wiki alikuwa bado anachapa kwa kidole kimoja, ila haraka, na alipowaambia wenzake "si kitu kigumu, ni kama kutuma pesa", sikuwa na la kuongeza.

Fundisha matendo matatu tu: kutafuta mgonjwa, kumwandikisha mpya, kujaza hudhurio la leo. Tumia majina ya kubuni. Kutafuta kuje kwanza, na kurudiwe hadi kuwe mazoea, maana Masika na Massika watakuwa wagonjwa wawili asipotafuta. Mfundishe kuchapa herufi tatu za mwanzo, kisha kulinganisha mwaka wa kuzaliwa, kijiji na namba ya simu. NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, ikiwepo ni bora zaidi, lakini wengi wanakuja bila kitambulisho, na wakimbizi wana kadi za aina nyingine. Asikataliwe mtu kwa sababu kisanduku kiko wazi.

Umefaulu kama: anamfundisha mwingine bila wewe kuwepo chumbani.

## Hatua ya 6: Siku ya kwanza

Isiwe Jumatatu. Isiwe siku ya soko, ya kliniki ya chanjo, wala siku gari la National Medical Stores, bohari ya dawa ya serikali, linapotarajiwa. Chagua Jumatano au Alhamisi, meza moja, chumba kimoja. Vyumba vingine viendelee na karatasi.

Geuza meza. Mgonjwa akikaa mbele ya musawo anayeinamia kioo, atadhani anachezea simu, na maneno yatafika kijijini kabla ya jua kuzama. Kioo kikae ubavuni, na musawo aseme kwa lugha ya mgonjwa, iwe Lukonzo au Kiswahili: "Mama, nakuandika humu, ili hata daftari lako likilowa mvua tukuone."

Weka kikomo. Foleni ikipita watu mliokubaliana, tuseme kumi na watano, rudini kwenye karatasi bila kuona aibu, muwaingize waliobaki alasiri. Kikomo kisipokuwepo, mtumishi ataona mfumo unamfedhehesha mbele ya watu, na hilo halisahauliki.

Wewe mwenyewe kaa hapo siku tatu. Usishike kibodi. Ukichapa badala yake umejifanya karani wa data mpya.

## Hatua ya 7: Nenosiri na siri za watu

Utakuta nenosiri limebandikwa kwenye kioo kwa plasta ya vidonda, na kituo kizima kinaingia kwa jina la mtu mmoja. Usigombe. Watu hufanya hivyo kwa kuwa kutoka na kuingia kunachukua muda, au kwa kuwa nusu yao hawajafunguliwa akaunti. Fungua akaunti za wote siku moja, wakiwemo wa zamu ya usiku na wanafunzi wa mazoezi, kisha ondoa karatasi.

Eleza sababu kwa faida yao wenyewe: likitokea kosa kwenye faili, jina lako halitakuwa juu ya kazi ya mwingine.

Halafu rudi kwa yule aliyekunong'oneza. Mwonyeshe kwa macho yake nani anaweza kufungua faili la VVU na nani hawezi. Onyesha kwamba seva iliyoko kituoni haioni mafaili ya kituo kingine kama hayajaunganishwa; na kama yameunganishwa, sema ukweli. Waambie wote kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019: taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazolindwa kwa namna ya pekee, na kuchungulia faili la jirani ni kosa, uwe umelifungua kwa ufunguo wa kabati au kwa nenosiri.

Umefaulu kama: umeomba mtu akuazime nenosiri lake, naye amekataa.

## Hatua ya 8: Tarehe 7 ya kwanza

Mwisho wa mwezi toa hesabu ya OPD kwenye mfumo, na watumishi wahesabu rejista kwa vijiti kama kawaida. Weka karatasi mbili mezani.

Hazitalingana. Zitazame pamoja mstari kwa mstari. Mara nyingine mashine imekosa wagonjwa wa jioni ambao hawakuingizwa, mara nyingine vijiti vimeruka ukurasa. Acheni wenyewe wagundue. Zoezi hili moja hubadilisha nia za watu kuliko mafunzo yote, kwa sababu hapo ndipo wanapoanza kuzungumzia namba zao wenyewe na kuacha kuzungumzia kompyuta.

Mwezi wa pili, vijiti viwekwe kando kama mlivyokubaliana. Siku ya tarehe iliyoandikwa ukutani ikifika, hata kama data haijanyooka sana, timiza. Ukiisogeza mara moja, hawatakuamini tena, nami sitawalaumu.

## Hatua ya 9: Watumishi wanapohamishwa

Uhamisho utakuja, na kwa kawaida atahamishwa yule mzuri. Kila chumba kiwe na watu wawili wanaojua. Anayehamia akae pembeni ya mwenyeji kwa siku tatu kabla ya kupewa akaunti. Na akaunti ya anayehama ifungwe siku ileile anapokabidhi ufunguo wa nyumba ya watumishi.